Namna ya kupima maendeleo ya wanafunzi wa kazi ya vioo vya rangi



Katika maparokia mengi wakristu wanatamani kanisa lao lipate madirisha ya vioo vya rangi. Makusanyo yanafanyika, fundi anatafutwa, na pengine analetwa kijana anayesema: «Nimejifunza kazi hiyo.» Padri anatazama kipande alichokileta, anaona kinang'aa mbele ya jua, anafurahi, anatoa feza ya wakristu. Ikiwa kazi haikuwa imara, mvua za kwanza zitaionyesha: maji yataingia katikati ya vipande, upepo utatikisa dirisha, na wale waliotoa makuta yao watauliza: «Padri, ulipima nini?»

Swali hilo ni la haki. Ndiyo sababu tunataka kueleza hapa namna mwanafunzi wa vioo vya rangi anavyoendelea, kazi kwa kazi, tangu siku ya kwanza mupaka dirisha lake la kwanza. Na kwa alama gani mutu asiye fundi anaweza kujua kama amefika au bado.

I. Kwa nini shauri hili linatuhusu

Konsilio ya pili ya Vatikano, katika mafundisho yake juu ya Liturjia takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, iliweka sura nzima, ile ya saba, juu ya sanaa takatifu. Humo tunasoma maagizo mawili yanayosahauliwa upesi. La kwanza: wale wanaojifunza filozofia na teolojia wafundishwe historia ya sanaa takatifu na sheria zake, ili wakiwa mapadri waweze kuwapa mafundi mashauri yafaayo. La pili: mashule ya sanaa takatifu yaanzishwe mahali yanapofaa. Tena Konsilio ilisema wazi kwamba Kanisa halikujifungia katika namna moja tu ya sanaa. Sanaa ya kila taifa ina nafasi yake, mradi iheshimu nyumba ya Mungu.

Kuna sababu ya pili, na hii ni ya inchi yetu. Mutu anayekaa Kamatanda hana haja ya kuelezwa shaba ni nini. Anajua mawe ya kijani, anajua wachimbaji na mifuko yao. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba mawe hayo hayo ndiyo yanayopaka kioo rangi? Shaba ikiyeyushwa pamoja na kioo inatoa kijani, au buluu kama ya maji. Moto ukinyimwa hewa, shaba ile ile inatoa wekundu kama damu. Kobalti, inayotoka katika udongo mumoja na shaba na iliyosafishwa pia katika uzini wa Shituru hapa Likasi, inatoa buluu nzito. Chini ya sehemu moja katika mia inatosha. Manganezi, kama ile ya Kisenge upande wa Dilolo, inatoa zambarau. Na bati, kama lile la Manono, linaunganisha fito za risasi zinazoshika vipande.

Tuseme kweli: buluu ya makanisa ya zamani ya Ulaya haikutoka kwetu. Kobalti ya Katanga ilianza kwenda ngambo katika karne ya 20 tu. Jina lenyewe la kobalti lilitoka kwa wachimbaji wa Ujerumani. Wao waliona mawe yasiyotoa madini waliyoyatafuta, ila moshi wa sumu. Wakasema pepo wa mashimo, waliyemwita Kobold, amewadanganya. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Inaondoka ndani ya mifuko, na pengine inarudi kwetu ndani ya kioo kilichotengenezwa mbali, kwa bei ya mbali.

Kazi ya moto si ngeni kwa wazee wetu. Wayeyushaji wa shaba wa Katanga walijenga tanuru zao kwa udongo, wakapata shaba, wakaimimina katika umbo la misalaba iliyotumika kama feza. Mgr de Hemptinne, aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926, akiwaita «wala-shaba». Basi mawe yapo, na ukumbusho wa moto upo. Mikono iliyofundishwa kwa utaratibu ndiyo inayokosekana.

II. Dirisha la vioo vya rangi ni kitu gani

Wengi wanadhani ni kioo kimoja kilichopakwa rangi juu. Sivyo. Dirisha la kweli ni vipande vingi. Kila kipande kina rangi yake ndani ya mwili wake, kwa sababu madini yaliyeyushwa pamoja na muchanga. Vipande vinashikwa na fito za risasi zenye mifereji miwili, mumoja kila upande, kama herufi H. Mistari myeusi unayoiona ukiwa kanisani ndiyo fito hizo. Mistari ya uso, ya macho na ya mikunjo ya nguo ni kitu kingine: ni rangi nyeusi ya unga wa chuma au wa shaba, uliochanganywa na unga wa kioo, ukapakwa kwa burushi na kuchomwa ndani ya tanuru mupaka ukashikamana na kioo. Kwa karibu miaka 700 mafundi wamejua pia kupaka nyuma ya kioo dawa ya madini ya feza. Ikichomwa inageuka manjano, kama taji za watakatifu.

Kazi hii iliandikwa zamani. Katika karne ya 12 mumonaki mumoja aliyejiita Theophilus alitunga kitabu juu ya kazi za mikono, na sehemu yake ya pili ni juu ya kioo. Anaeleza namna ya kujenga tanuru, kupuliza kioo, kuchora juu ya ubao uliopakwa chokaa, kukata kwa chuma cha moto, kupaka rangi, kutengeneza risasi. Msomaji anaona jambo moja: Theophilus anafuata njia ya mikono. Hasemi kwanza juu ya uzuri wa dirisha. Anaanza kwa kuni na majivu.

III. Hatua za mwanafunzi

1. Kukata. Mwanafunzi anaanza na kioo cheupe cha madirisha ya kawaida, hata vipande vya takataka. Hapewi kioo cha rangi, maana ni cha bei. Anapewa kisu chenye gurudumu dogo la chuma gumu, na petroli kidogo ya kulilainisha. Anakwaruza mustari mara moja tu, bila kurudia. Kisha anashika pande mbili na kukivunja. Sikio linafundisha kuliko jicho: gurudumu likienda sawa, linatoa sauti moja ya kuendelea, kama kitambaa kinachopasuliwa pole pole. Sauti ikikatika, mukono umesitasita, na kioo kitavunjika kinavyotaka chenyewe.

Kazi ya juma la kwanza ni mistari iliyonyoka. Baadaye mistari ya kupinda kwa nje, kisha ya kupinda kwa ndani, iliyo migumu zaidi. Hapo anauma kioo kidogo kidogo kwa koleo. Mwishowe anagundua sheria ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuibadilisha: kioo hakikubali kona inayoingia ndani kwa ukali. Kitapasuka tangu kona ile mupaka ukingo. Hapo mwanafunzi anaanza kuwa fundi, kwani anafahamu kwamba lazima muchoro utii kioo.

2. Kuchora na kupima. Anachora dirisha lote kwa ukubwa wake kamili juu ya karatasi, anatia namba katika kila kipande, kisha anakata modeli za karatasi. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Katikati ya vipande viwili kuna moyo wa fito ya risasi, wenye unene wa karibu milimetre moja na nusu au mbili. Lazima nafasi hiyo iondolewe katika modeli. Tuhesabu pamoja: dirisha lina vipande 20 kwa upana, na kila kimoja kimezidi kwa milimetre 1 tu. Mwishoni dirisha limezidi kwa santimetre 2, nalo haliingii katika tundu ambalo mujenzi alikwisha kuliacha ukutani. Hakuna kipande kimoja kinachoonekana kibaya, ubaya umelimbikana.

3. Kazi ya kwanza kamili. Ni muraba mudogo, wa santimetre 30 kwa 30, wenye vipande 9 au 12, mistari iliyonyoka tu. Mwanafunzi anapigilia vibao viwili juu ya meza ili vifanye kona, anaanza katika kona ile, anaweka kioo, fito, kioo, fito, akishika kila kitu kwa misumari. Fito anazivuta kwanza ili zinyoke na zikaze. Mahali fito zinapokutana anapaka mafuta ya ng'ombe, anaunga kwa bati la moto. Hapa moto unataka akili: risasi inayeyuka kwa digri 327, na bati lililochanganywa na risasi linayeyuka mapema, karibu na digri 190. Anayekawia na chuma chake atayeyusha fito yenyewe.

4. Kuziba. Kazi hii haipendwi, kwani inachafua mikono na haionekani. Mastiki ya unga wa chaki na mafuta ya kitani inasukumwa kwa burushi chini ya kila fito, pande zote mbili. Kisha inasafishwa kwa unga wa mbao. Bila mastiki dirisha linalia likiguswa, na mvua ya Januari inapita. Mwalimu mwema halisifu dirisha kabla ya kulimwagia maji.

5. Kazi ya pili na ya tatu. Baada ya muraba, mwanafunzi anapewa alama nyepesi yenye mistari ya kupinda: musalaba, samaki, zabibu na ngano. Kisha anajifunza kupaka na kuchoma, karibu na digri 650, na kuacha tanuru ipoe yenyewe usiku muzima. Akifungua asubuhi na mapema kwa hamu ya kuona, hewa ya baridi itapasua vipande vyote. Sura ya mutu inakuja mwisho. Anayeanza kwa uso wa Bikira Maria hajaelewa njia.

6. Kazi ya pamoja. Dirisha kubwa linagawanywa katika sehemu, na kila mwanafunzi anafanya moja. Fito za chuma zinawekwa kwa kulala ili zibebe uzito, maana risasi ni laini, na katika joto letu inainama chini ya uzito wake mwenyewe. Hapa kosa la mumoja linakuwa kosa la wote: sehemu yake isipolingana, za wenzake hazitakaa.

IV. Tuwaze wanafunzi wawili

Mwalimu anapanga mezani kazi mbili za mwisho wa miezi mitatu. Ya kwanza ina buluu, nyekundu na manjano. Watu wanakusanyika kuitazama. Ya pili ni ya vioo vyeupe na kijani kidogo. Hakuna anayesimama mbele yake. Sasa aigeuze kila moja na kutazama mahali fito zinapokutana. Katika ya kwanza bati limejaa kama tope, vipande viwili havikufika ndani ya mufereji, na pengo limefichwa kwa mastiki. Katika ya pili kila kipande kimeingia, kila kiungo ni laini, na dirisha likiinuliwa na kutikiswa kidogo halitoi sauti.

Nani ameendelea? Wa pili. Rangi ilinunuliwa, viungo vilifanywa. Kioo kizuri kinang'aa hata katika mukono wa mutu asiyejua neno. Kwa hiyo usipime mwanafunzi kwa mwangaza wa kazi yake, bali kwa namna vipande vyake vinavyofungana.

Hatusemi kwamba rangi si neno. Nayo ina sheria zake, lakini zinafuata baadaye. Buluu inatawanya nuru yake na kumeza rangi zilizo jirani. Nyekundu inakaa mahali pake. Vioo vyepesi sana, katika jua letu la Katanga, vinaumiza macho ya watu wakati wa Misa. Vizito sana vinaleta giza, na waimbaji hawasomi tena vitabu vyao. Madirisha ya Chartres, ambayo mengi yalitengenezwa katika miaka iliyofuata moto wa mwaka 1194, yalifanywa kwa mbingu ya Ufaransa, yenye mawingu mengi. Anayenakili rangi zake kwa kanisa la Likasi atapata kitu kingine. Afazali mwanafunzi ainue kipande chake dirishani asubuhi, saa sita na jioni, kabla ya kukiunga. Lakini Chartres inatufundisha jambo moja linalofaa kila mahali: chini ya sura za watakatifu tunaona watu wa kazi, waoka mikate, washona viatu, wahunzi. Kwa nini dirisha la kwetu lisionyeshe muchimbaji na chombo chake?

V. Mufano wa jirani

Mutu asiseme kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Inchini Kenya, kusini ya Nairobi, kando ya mbuga ya wanyama, kuna mahali panapoitwa Kitengela. Karibu na mwaka 1980 mama mumoja mwenye asili ya Ujerumani, Nani Croze, alianzisha pale kazi ya vioo vya rangi, na wenyeji wakafundishwa kazi. Baadaye mwana wake, Anselm Croze, aliongeza tanuru za kupulizia kioo. Pale vioo vilivyovunjika na kutupwa vinayeyushwa na kuanza maisha mapya. Hawakungoja kioo cha bei kubwa kifike kwa meli.

Kitengela wanatumia pia namna nyingine: vioo vinene, vyenye unene wa santimetre mbili au zaidi, vinavunjwa kwa nyundo na kushikwa kwa simenti pasipo risasi. Namna hii ilianza Ufaransa katika karne ya 20, ikaenea sana katika makanisa yaliyojengwa miaka ya 1950 na 1960. Kwetu inastahili kuangaliwa sana, kwa sababu wajenzi wetu wanajua simenti kuliko risasi, na makanisa yetu mengi yana kuta zenye matundu ya simenti ya kupitisha hewa. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kukata na kupima anaweza kuingia humo upesi.

Tena tukumbuke kwamba mashule makubwa yalianza madogo. Akademia ya sanaa ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1943 na Frère Marc-Stanislas katika misioni ya Gombe-Matadi, mbali na muji mukubwa. Ilihamia Léopoldville mwaka 1949. Misioni moja, mufrère mumoja, wanafunzi wachache.

VI. Hatari moja isiyoonekana

Risasi ni sumu. Haina harufu, haichomi ngozi, lakini inaingia kwa kinywa na kwa pumzi, inakaa ndani ya damu na mifupa, na inazuia akili ya watoto kukua. Kwa hiyo: pasiliwe chakula wala sigara mahali pa kazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, risasi isiyeyushwe ndani ya nyumba iliyofungwa, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto, mama mwenye mimba asitumike humo. Katika muji kama wetu, ambapo mavumbi ya madini yanaingia tayari katika nyumba za watu, mwalimu asiyeshika sheria hizi asipewe vijana, hata kama madirisha yake ni mazuri namna gani.

VII. Maswali ya kuuliza

Padri au mukatekista anayetaka kujua kama fundi kijana anafaa, amwulize hivi:

1. Unionyeshe kazi yako ya kwanza, si ile nzuri tu. Aliyeendelea haoni haya kuonyesha alikotoka.
2. Uigeuze. Tutazame viungo vyote.
3. Tuimwagie maji na kungoja robo saa.
4. Muchoro wa ukubwa kamili uko wapi, na namba za vipande? Siku moja jiwe la mutoto litavunja kipande; bila muchoro ni nani atakitengeneza?
5. Fito za chuma za kubeba uzito zitawekwa wapi?
6. Unakula wapi wakati wa kazi?

Na fundi akikuletea karatasi ya plastiki yenye rangi ili uibandike juu ya kioo, ujue kwamba hiyo ni picha ya dirisha. Jua letu litaipausha na kuiambua. Kama feza haitoshi, kioo cheupe kilichokatwa vizuri kina heshima zaidi. Konsilio yenyewe ilitaka uzuri wenye adabu, isitake fahari ya gharama.

Wazee wa Kanisa walipenda kusema kwamba nuru inapita katika kioo bila kukivunja, wakieleza hivyo fumbo la Bikira Maria. Tunaweza kuongeza neno dogo la fundi: nuru haikivunji kioo, lakini inaonyesha kila pengo. Kijana wa Kamatanda anayechimba leo jiwe la kijani anaweza kesho kulishika likiwa kioo mukononi mwake, akalikata, akalifunga pamoja na mengine. Ili afike huko anahitaji mwalimu muvumilivu, meza imara, kioo cha takataka cha kuharibu, na padri anayejua kugeuza kazi na kutazama nyuma yake.